Shehena, Ubora na Lugha katika Bandari ya Kisangani

Istilahi za vyombo vya majini zimezoeleka kuhesabiwa kuwa mali ya mwambao. Anayefundisha maana ya nahodha, shehena, farumi na ngama humpeleka mwanafunzi Lamu, Mombasa au Unguja, na ni nadra kumpeleka bara. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne moja Kiswahili kimekuwa mojawapo ya lugha za kupakia na kupakua mizigo katika mji ulio mbali na bahari zote, nao ni Kisangani, ambao tangu 2015 ni makao makuu ya jimbo la Tshopo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Makala haya yanaeleza jinsi utafiti wa usafirishaji wa majini na wa ubora wa bidhaa unavyouhusu mji huo, na kwa nini utafiti huo una sehemu ya lugha isiyofaa kuachiwa wahandisi na wachumi peke yao.

Hapana budi kuanza na jiografia, kwani ndiyo iliyouzaa mji wenyewe. Kutoka Kinshasa meli yaweza kupanda Mto Kongo kwa kilomita 1,734 bila kizuizi, kisha hukutana na maporomoko ya Boyoma, ambayo ni saba na yametawanyika katika masafa ya takriban kilomita 100 kati ya Ubundu na Kisangani. Hakuna meli ipitayo hapo. Kwa sababu hiyo wakoloni walijenga reli ya kilomita 125 kutoka ukingo wa kushoto wa mto hadi Ubundu, nayo ilifunguliwa mwaka 1906. Kutoka Ubundu mto husafirika tena hadi Kindu, takriban kilomita 300. Kutoka Kindu kuna reli ya kufikia Kalemie. Kutoka Kalemie Ziwa Tanganyika huvukwa hadi Kigoma. Na kutoka Kigoma kuna reli ya kwenda Dar es Salaam, iliyokamilika mwaka 1914. Mtu akiifuata njia hiyo kwenye ramani ataona kwamba tangu Kisangani hadi Bahari ya Hindi hakuna kituo ambacho Kiswahili hakisikiki.

Lugha yenyewe iliingia kwa njia hiyohiyo, ikishuka na mto kutoka Nyangwe na Kasongo pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa. Mashuhuri zaidi miongoni mwao, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, alifanywa liwali wa Stanley Falls mwaka 1887 kwa mapatano na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Kilingala, kwa upande wake, kilipanda kutoka magharibi pamoja na meli za mvuke na askari wa dola. Lugha hizo mbili zilikutana mahali ambapo mzigo ulilazimika kubadili chombo. Mkutano huo si wa bahati, kwani pale shehena inaposimama ndipo watu wanapohitaji kupatana bei, kuhesabu na kugombana, na mambo hayo hayafanyiki bila lugha.

Katika enzi ya Tippu Tip suala la ubora halikuwa na uzito uliopo leo. Pembe ya ndovu haiozi. Yaweza kubebwa begani kwa miezi, kunyeshewa, kulazwa mchangani, na bado ikauzwa Unguja. Aliyeharibika njiani alikuwa mwanadamu aliyeibeba, na hesabu za biashara hazikumweka katika safu ya hasara. Mambo yalibadilika mazao ya mashamba na misitu yalipochukua nafasi ya pembe: mawese, mpunga, kahawa, muhogo mkavu, samaki wa kukaushwa kwa moshi. Bidhaa hizi zina uhai wake, na kila siku ya safari huupunguza.

Tshopo ina historia ya kujivunia katika utafiti wa upande mmoja wa suala hili. Kituo cha Yangambi, takriban kilomita 100 kutoka Kisangani kufuata mto, kilianzishwa mwaka 1933 kwa ajili ya utafiti wa kilimo. Hapo ndipo Beirnaert na Vanderweyen walipoonyesha, mwaka 1941, jinsi unene wa ganda la kokwa ya mchikichi unavyorithiwa: mchikichi wa ganda nene ukizalishwa na ule usio na ganda, hupatikana chotara wa ganda jembamba na nyama nyingi, yaani mafuta mengi. Ugunduzi huo ulibadili kilimo cha michikichi duniani kote, hadi Malaysia na Indonesia. Lakini uzuri wa mbegu haumfikii mlaji ikiwa mafuta yanaharibika kati ya shamba na soko.

Kuharibika huko kunaeleweka vyema. Chikichi likichubuka au likikaa muda mrefu kabla ya kupikwa, vimeng'enya vilivyomo ndani yake huanza kuyavunja mafuta na kutoa tindikali huru. Soko la kimataifa kwa kawaida halitaki mawese ghafi yenye tindikali huru zaidi ya asilimia 5. Hata baada ya kukamuliwa, maji yaliyosalia katika pipa pamoja na joto huendeleza uharibifu polepole. Mpunga nao hauna budi kukaushwa hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 14 hivi, la sivyo huvunda. Sasa mtu afikirie gunia lililolazwa chini kabisa katika chombo cha mbao, karibu na ngama, kwa majuma kadhaa, huku chombo kikinasa kwenye mchanga kila maji yapunguapo. Yamkini gunia lilipakiwa likiwa kavu, halitapakuliwa hivyo.

Hapa ndipo taaluma ya lojistiki inapoingia. Dhana hiyo ilitoka jeshini, na katika biashara inamaanisha kuutazama mwendo mzima wa bidhaa kama mnyororo mmoja, badala ya kumtazama mchukuzi mmoja mmoja. Fundisho lake kubwa ni kwamba gharama na hasara hukusanyika zaidi penye vituo kuliko penye mwendo. Mwaka 1956 Malcom McLean alisafirisha makasha 58 kwa meli Ideal X kutoka Newark hadi Houston, Marekani, na kontena likazaliwa: mzigo hufungwa mara moja na kufunguliwa mara moja. Kisangani ni kinyume cha kontena. Mzigo wa kwenda baharini kwa upande wa magharibi hubadilishiwa chombo Kinshasa na tena Matadi; kwa upande wa mashariki hubadilishiwa Ubundu, Kindu, Kalemie, Kigoma na Dar es Salaam. Kila mara kuna makuli, mabega, mvua na fursa ya kupunguza kilo mbili tatu.

Hali ilizidi kuwa ngumu wakati wa vita. Kuanzia Agosti 1998 hadi 2003 mstari wa mapigano uliikata njia ya mto kati ya Kinshasa na Kisangani, na Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wenyewe. Baiskeli zilibeba kilichokuwa kikibebwa na malori, na baiskeli za abiria zikajulikana kwa jina la Kilingala, toleka, yaani tupite. Meli kubwa za shirika la umma zilipodhoofika, mtoni vilienea vyombo vya mbao vya watu binafsi vyenye injini, ambavyo huchukua abiria, mapipa, mifugo na majiko pamoja. Hatari yake si ya nadharia. Aprili 2025 chombo kimoja cha namna hiyo, HB Kongolo, kilishika moto karibu na Mbandaka kikiwa na mamia ya abiria. Taarifa zilisema moto ulianzia kwa mtu aliyekuwa akipika chomboni. Watu wengi walikufa.

Sasa suala la lugha. Lugha rasmi ya Kongo ni Kifaransa, na hati za mizigo, kanuni za usalama na tasnifu za Chuo Kikuu cha Kisangani huandikwa kwa lugha hiyo. Kiswahili na Kilingala, ingawa Katiba ya 2006 inavitaja miongoni mwa lugha nne za taifa, ndivyo vinavyosemwa penye mzigo wenyewe. Matokeo yake ni kwamba mtafiti na kuli wanashughulikia gunia lilelile kwa maneno yasiyokutana. Kilingala kina bwato kwa mtumbwi, masuwa kwa meli na libongo kwa mahali pa kutia nanga. Kiswahili cha pwani kina tishari kwa chombo kipana cha kubebea shehena, chubwi kwa risasi ya kupimia kina, na pondo la kusukumia chombo. Hazina hiyo ya pwani ni ya thamani, lakini ni kosa kuipeleka Kisangani katika orodha na kutarajia ipokewe. Msemaji wa Lubunga au Mangobo ana maneno yake tayari, mengine ya Kifaransa yaliyokwisha kutoholewa, na kazi ya kwanza ni kuyakusanya.

Upo mfano unaotia moyo. Sumu itolewayo na kuvu katika mahindi na karanga iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, Tanzania, mwaka 2016. Wataalamu wangeweza kutohoa jina lake la kisayansi na kuishia hapo. Neno lililoenea ni sumukuvu, ambalo mkulima hulielewa nusu yake kabla hajafafanuliwa. Inafaa kuuliza kama neno hilo linaweza kusafiri kupitia Kigoma na Kalemie hadi kwa wauzaji wa karanga wa Kisangani, au kama huko kuvu lina jina jingine litakalozaa neno bora zaidi. Swali hilo halijibiwi maktabani.

Kwa mintaarafu ya uendeshaji, utata ni mkubwa zaidi. Ugavi hutumiwa kwa maana ya ununuzi na usambazaji wa vifaa, uchukuzi ni jina la wizara Kenya na Tanzania, usafirishaji hujumuisha watu na mizigo, na lojistiki huzunguka juu ya yote bila mipaka. Kwa msomi huu ni utajiri. Kwa anayetaka kuandika mwongozo wa kurasa nne kwa wenye vyombo vya mbao ni kikwazo. Mwongozo huo, ukipata kuandikwa, utahitaji kwanza jina la alama moja tu: ule mstari wa ubavuni ambao maji yakiufikia, upakiaji hukoma. Mstari wa kikomo cha shehena ni maelezo yanayoeleweka, lakini ni marefu mno kupigiwa ukelele kutoka ukingoni na mtu aliyebeba gunia.