Uso wa Mhunzi wa Whiterun

Haya, sogeeni. Ukivuka lango la mji wa Whiterun, ndani ya gemu ya Skyrim, miongoni mwa watu wa kwanza utakaowaona ni mhunzi, Adrianne Avenicci, yuko nje ya duka lake na kazi yake ya chuma. Siku hiyo binti mmoja, tumwite Mwanaidi, alikuwa ametoka kusakinisha modi mpya za kupendezesha sura za watu. Akaingia mjini mbio kwenda kutazama. Adrianne yupo, kazi anafanya, ila kichwa chake ni cha kijivu, chenye weusi wa masizi, na kinaishia shingoni kwa mstari ulionyooka. Kuanzia mstari ule kushuka chini, ngozi ni ile ile ya siku zote.

“Kaka! Njoo umwone huyu mama!”

Kaka yake akaja, akatazama, akacheka. “Hapa wamegombana wawili,” akasema, “na wewe ndiye uliyewakaribisha.”

Wawili gani? Ngojeni, tuanze mbali kidogo. Skyrim ilitoka tarehe 11 Novemba 2011. Mwaka uliofuata Bethesda, walioitengeneza, wakawapa wachezaji programu ya Creation Kit ili nao wabadilishe gemu wapendavyo. Wakabadilisha kweli! Wapo walioongeza vijiji, wapo walioshonea watu nguo mpya, na yupo aliyeyageuza majoka yakawa Thomas, yule treni wa katuni za watoto, anakujia kutoka mawinguni akitema moto. Kila badiliko la namna hiyo ndilo modi.

Sasa, gemu inazisoma modi kwa foleni. Chukulieni hadithi inayosimuliwa na watu wengi kwa zamu: wa kwanza anasema farasi ni mweupe, wa tano anasema ni mwekundu. Msikilizaji anamshika nani? Wa tano, kwa kuwa ndiye aliyesema mwisho. Na akitokea msimuliaji wa kuanza na “kama alivyowaambia mwenzangu,” kumbe mwenzake hata hakufika, Skyrim haina subira naye. Inajifunga yenyewe kabla menyu haijatokea. Ndiyo maana gemu ikifa mapema hivyo, swali la kwanza ni hili: kuna modi inayodai faili mama ambalo hukulisakinisha? Maelezo ya modi karibu yote hutaja inachohitaji. Yasomeni kabla ya kupakua, najua hampendi.

“Lakini foleni nimeipanga,” Mwanaidi akajitetea. “Nimeendesha LOOT, ikapanga zote.”

Hapo ndipo wengi wanaponaswa, maana foleni ni mbili. Ya kwanza ni ya plagini, yale mafaili yanayoishia na esm, esp au esl, na LOOT, programu ya kupanga foleni, inapanga hiyo tu. Ya pili ni ya mafaili ya kawaida: picha za ngozi, maumbo, sauti. Modi mbili zikileta faili lenye jina moja, linabaki la ile iliyowekwa baada ya mwenzake, na LOOT haina habari nalo. Ukitumia programu ya Mod Organizer utaziona foleni zote mbili kwa macho: kushoto modi na mafaili yake, kulia plagini.

Turudi kwa Adrianne. Sura yake imewekwa mahali pawili. Ndani ya plagini kuna maelezo: pua ya namna hii, nywele zile, rangi hii. Pembeni, katika folda ya Data, kuna kichwa chake kilichokwisha kuchongwa kwa kufuata maelezo hayo, ili gemu isikichonge upya kila unapopita. Modi ya kwanza ya Mwanaidi ilikuwa imeshinda kwenye plagini, ya pili ikashinda kwenye mafaili. Maelezo ya huyu, kichwa cha yule. Gemu inapokuta haviafikiani, rangi ya uso haikai sawasawa, unapata kijivu kile. Dawa yake: chagua modi moja, uifanye ya mwisho kwenye foleni zote mbili. Kaka alivuta modi moja chini upande wa kushoto, basi.

Mimi kinachonipendeza ni kwamba kila ugonjwa wa gemu hii una sura yake. Kitu kikiwa cha zambarau, umbo lipo, picha ya kulifunika haipo. Ukiona alama nyekundu ya mshangao inaelea hewani, hapo umbo lenyewe ndilo limekosekana. SkyUI, modi ya menyu, ikikulalamikia, huenda hukuiwasha gemu kupitia SKSE, programu ndogo ambayo modi nyingi huitegemea. Au gemu imejisasisha na SKSE uliyo nayo ni ya toleo la nyuma. Mnamo Novemba 2021, gemu ilipotimiza miaka kumi, sasisho moja lilizima modi za watu wengi kwa namna hiyo hiyo.

Na ukikuta upanga usioujua asili yake? Fungua konsoli, ubofye upanga huo. Utaona namba ya tarakimu nane. Mbili za mwanzo zinakutajia plagini iliyouleta: 00 ni Skyrim yenyewe. Hesabu inapita 9 ikaenda A mpaka F, kwa hiyo nafasi zote ni 256. FE imewekewa plagini nyepesi, FF vitu vinavyozaliwa mchezoni, na zilizobaki, 254, ndizo za plagini za kawaida.

Pasipo dalili yoyote, gawa nusu. Una modi 64? Zima 32, zile zinazotegemeana zikae pamoja, kisha anza mchezo mpya ujaribu. Tatizo likiisha, mkosaji yumo katika ulizozima. Lisipoisha, yumo katika zilizobaki. Gawa tena. Kwa migawanyo sita umempata, ikiwa mkosaji ni mmoja.

Nimesema mchezo mpya kwa makusudi. Modi zenye hati, yaani maagizo yanayoendelea kufanya kazi wakati unacheza, huacha mabaki ndani ya mchezo uliouhifadhi. Ukiing’oa modi ya namna hiyo katikati ya safari, mabaki hayaondoki nayo, na gemu inaweza kuharibika saa nyingi baadaye, pale ambapo hukumbuki tena uligusa nini. Modi za Mwanaidi zilikuwa za sura tu, ndiyo maana aliendelea na mchezo wake ule ule. Zingekuwa za hati, angerudi kwenye mchezo aliouhifadhi kabla hajazisakinisha. Kama alihifadhi.