Si Kila Tumbo Lililovimba Ni Mimba

Msichana wa sekondari katika kata ya Litumbandyosi, wilayani Mbinga, akianza kuvimba tumbo, watu hudhani ana mimba. Dhana hiyo yaweza kuwa kweli. Yaweza pia kuwa kosa la hatari, kwani tumbo hukuzwa na maradhi vilevile. Mojawapo ni uvimbe wa chembechembe za uzazi za ovari.

Ovari ni viungo viwili vidogo vilivyo kandokando ya mji wa mimba, ambamo mayai ya uzazi hukomaa. Chembechembe zizaazo mayai hayo zina uwezo wa kujenga kila sehemu ya mwili. Zikianza kugawanyika ovyo, huleta uvimbe. Mara nyingi uvimbe huo si saratani: ni teratoma, ambayo ikipasuliwa huweza kukutwa na nywele, mafuta na hata meno. Huo si uchawi, bali ni kazi ya chembechembe zilezile. Aina nyingine chache ni saratani. Hizi huwapata zaidi wenye umri wa miaka 10 hadi 30, nazo hukua upesi, pamoja na maumivu ya tumbo.

Kipimo cha mkojo pekee hakitoshi kutoa hukumu. Baadhi ya uvimbe huu hutoa homoni ileile ya mimba, hata asiye mjamzito akaonekana kuwa nayo. Altrasaundi, mashine itumiayo mawimbi ya sauti, huonyesha kama tumboni mna mtoto au uvimbe. Damu nayo hupimwa homoni hiyo na protini iitwayo alfafetoprotini. Viwango vikishuka baada ya matibabu, daktari hujua kuwa ugonjwa unarudi nyuma.

Matibabu huanza kwa upasuaji. Ovari iliyougua huondolewa pamoja na mrija wake. Ya pili na mji wa mimba, vikiwa vizima, huachwa. Wagonjwa wengi hupewa kisha dawa tatu: bleomisini, etoposidi na sisplatini. Nguvu ya sisplatini iligunduliwa nchini Marekani na Barnett Rosenberg, aliyetangaza mwaka 1965 kuwa bakteria waliopitishiwa umeme kwa vipande vya platinamu waliacha kugawanyika. Kabla ya dawa za namna hii wagonjwa wengi walikufa. Leo walio wengi hupona, na wengi wao huzaa.

Lakini tiba hiyo iko mbali. Kutoka Litumbandyosi, mgonjwa hupitia Mbinga na Songea, na huenda akalazimika kufika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kila juma linalopotea shuleni au nyumbani huurefusha mwendo huo.

Tangu Novemba 2021 mwanafunzi aliyejifungua huruhusiwa kurudi shuleni. Kosa la kuudhani uvimbe kuwa mimba, hata hivyo, halisahihishwi kwa kungoja miezi tisa. Mwanafunzi aliyevimba tumbo apelekwe kwanza kwa mganga. Maswali mengine yatafuata baadaye.