Pesa za Shaba za Makaisari wa Rumi

Katika Injili twasoma jinsi Bwana wetu alivyotaka aonyeshwe dinari, akauliza ni sura ya nani iliyo juu yake. Dinari ile ilikuwa ya fedha. Lakini Makaisari walifanya na pesa za shaba pia, nazo ndizo zilizopita mikononi mwa watu wadogo, wenye kununua mkate na mafuta. Zile za Makaisari wa mwisho, tangu Diokletiano alipozifanya upya kama mwaka 294, zilipigwa nyingi mno, hata leo wakulima wa nchi za Rumi ya kale huzifukua kwa plau. Kwa sababu hiyo wako watu wengi wanaozikusanya, wala si matajiri tu, maana iliyo ya kawaida hupatikana kwa bei ndogo. Mtu asidhani ya kuwa kila pesa ya kale ni mali nyingi.

Twazitaja kwa kuwa zinatufundisha habari za Kanisa. Zamani zile hapakuwa na magazeti; Kaisari akitaka watu wajue neno, alilipiga juu ya pesa. Walimu wengine husema kwamba Konstantino, baada ya kushinda vita karibu na Rumi mwaka 312, aliacha miungu yote siku ile ile. Pesa zake zasema sivyo. Kwa miaka kadhaa baadaye aliendelea kupiga shaba zenye sura ya mungu wa jua. Kama mwaka 327 ndipo ilipotokea pesa ya Konstantinopoli yenye bendera ya alama ya jina la Kristo, na mti wake umemchoma nyoka. Nayo ni adimu. Na yule aliyeipiga alama hiyo kubwa, ikajaza upande mzima pamoja na Alfa na Omega, ni Magnentio, aliyenyang'anya ufalme mwaka 350, kisha Kaisari Konstante akauawa. Alama ya Bwana mkononi mwa mnyang'anyi! Hilo nalo lafaa kufikiriwa na wale wapendao kuandika msalaba mlangoni mwa duka.

Hata Afrika yetu haikukosa. Mfalme Ezana wa Aksum, katika nchi ya Uhabeshi, kwanza alipiga pesa zenye mwezi mwandamo, ishara ya dini ya zamani. Kisha, katika karne hiyo hiyo ya nne, akaweka msalaba mahali pake. Askofu wake alikuwa Frumentio, aliyewekewa mikono na Athanasio wa Iskanderia.

Je, pesa za Rumi zilifika pwani yetu? Kabla ya vita vya 1914 Mwingereza mmoja, Kapteni Haywood, alisema kwamba amepata pesa za kale huko Bur Gao, bandari ya Wasomali karibu na mpaka wa Kenya. Zilikuwamo za wafalme wa Misri waliotangulia kuzaliwa kwake Kristo, na za Makaisari pamoja na hao wa wakati wa Konstantino, na nyingine za Misri ya Waislamu, za karne nyingi baadaye. Habari yenyewe haikuchapishwa ila baada ya miaka mingi. Miaka ya 1960 mtaalamu Neville Chittick alikwenda akapatazama mahali pale, asione magofu ya zamani za Warumi, akatia shaka. Pesa ni za kweli, hakuna abishaye. Lakini hakuna aliyeandika siku ile ile zilikuwa chini kiasi gani, na pamoja na vyungu gani. Shahidi amefika barazani, lakini hawezi kusema ametoka wapi.

Kwetu Nyashimo jembe halifukui Makaisari. Hufukua heleri za Wajerumani, zilizopigwa tangu mwaka 1904, mia kwa rupia moja, au senti za Waingereza zenye tundu, ambazo bibi zetu walizitunga shingoni. Na hapa yatupasa kusema wazi. Wanazunguka watu wakinong'ona kwamba rupia ya Mjerumani ina nguvu, yavuta mali, na kwamba yuko tajiri mjini atakayetoa mamilioni. Mama mmoja mjane alitujia baada ya ibada: mwanawe ameokota heleri shambani, na mgeni amemtaka ng'ombe wawili wa "dawa ya kuifungua" kabla ya mnunuzi kuja. Tulimwambia, Mama, mnunuzi wa kweli hutoa fedha, hadai ng'ombe. Alikuwa amekwisha kumfungua mmoja zizini, akamrudisha. Mgeni hakuonekana tena.

Vijana watakao kuzikusanya wasizisugue kwa limau na majivu kama sufuria. Ile rangi ya kijani iliyo ngumu ndiyo ngozi ya shaba. Ikiondoka, maandishi huondoka nayo. Loweka katika maji ya mvua, kisha pitisha brashi laini, ukauke kabisa. Ikitokea unga wa kijani kibichi unaopukutika, itenge na nyingine na kuiweka pakavu. Kila moja itiwe katika bahasha yake, na juu yake iandikwe shamba, siku, na kina. Mwalimu mwenye heleri kumi zilizoandikwa hivyo ana somo zuri la hesabu na la historia.

Tena, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yalinda vitu vilivyofanywa na watu kabla ya mwaka 1863, wala haviruhusiwi kutolewa nchini pasipo kibali. Heleri ni changa kuliko hapo. Lakini mtu akipata pesa ya herufi za Kiarabu, kama zile za shaba za masultani wa Kilwa, au za Kilatini asizozifahamu, aiache palepale ilipo na kupeleka habari kwa afisa utamaduni wa wilaya.