Njia Tupu, Kituo Kimefurika: Hesabu ya Mwendokasi

Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, saa za asubuhi, ina mambo mawili yasiyoonekana kupatana. Njia ya mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, iko wazi, haina lori wala bajaji. Kituoni pembeni yake, abiria wamebanana hadi mlangoni. Anayekwama na gari lake kwenye foleni ya njia ya kawaida husema: njia hiyo inapotea bure, waruhusuni wengine wapite. Hoja hiyo inavutia, lakini hesabu inaikataa.

Awamu ya kwanza ya mradi wa Dar es Salaam ilianza kubeba abiria Mei 2016. Ina urefu wa kilomita 21 hivi: shina lake linatoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi yake yanakwenda Gerezani na Morocco. Mwaka 2018 jiji lilipata Tuzo ya Usafiri Endelevu, likiwa la kwanza barani Afrika. Waliopanda siku za mwanzo wanajua kwamba tuzo hiyo haikuwa ya bure: safari iliyokula sehemu kubwa ya asubuhi ilishuka ikawa ya chini ya saa moja.

Tuchukue shina hilo, takriban kilomita 16. Basi likienda kilomita 20 kwa saa, vituo vikiwemo, litafika mwisho kwa dakika 48. Kwenda na kurudi ni dakika 96. Ongeza dakika 12 za kugeuza kila upande, na mzunguko mzima unakuwa dakika 120. Ukitaka basi lipite kila baada ya dakika mbili, gawanya 120 kwa mbili: unahitaji mabasi 60 barabarani. Kama kila moja ni basi refu la kubeba watu 150, kila saa watapita watu 4,500 kwa upande mmoja. Hata hivyo, mtazamaji ataiona njia tupu, kwa kuwa basi hupita kwa sekunde chache na kuacha karibu dakika mbili za zege tupu. Utupu huo ndio unaolipa basi mwendo wake.

Sasa ingiza magari mengine, mwendo ushuke hadi kilomita 10 kwa saa. Mzunguko unapanda hadi dakika 216. Ili basi liendelee kupita kila dakika mbili, sasa utahitaji mabasi 108. Yaani kuifungua njia ni sawa na kuyatupa mabasi 48. Mji usio na fedha za kununua mabasi ndio wenye sababu kubwa zaidi ya kulinda njia yake.

Lakini hesabu ileile inakata upande wa pili. Njia ikiwa safi na mabasi yakawa 30 badala ya 60, basi litapita kila dakika nne na kubeba watu 2,250 kwa saa. Wakija 4,500, nusu yao wanabaki. Hapo tatizo hujizalisha lenyewe. Kituo kilichojaa hufanya watu wasukumane mlangoni, mlango haufungi, basi linachelewa kuondoka. Likichelewa, kituo kinachofuata kimekusanya watu wengi zaidi, nalo linazidi kuchelewa. La nyuma yake linakuta vituo vimepunguzwa watu, linakwenda haraka na kulifikia. Ndiyo maana unasubiri muda mrefu, kisha yanakuja mawili yakiongozana, la kwanza likiwa limeshona na la pili likiwa na nafasi.

Vituo vilijengwa kuzuia hali hiyo. Nauli hulipwa kabla ya kupanda, sakafu ya kituo inalingana na ya basi, na milango ni zaidi ya mmoja, tofauti na daladala ambapo konda na mlango mmoja huamua kasi ya safari. Vituo vina pia njia ya kupishana, basi lisilosimama lilipite lililosimama. Vyote hivyo vinaokoa sekunde, na sekunde zikijumlishwa zinakuwa mabasi.

Kwa nini mabasi hayatoshi? Huduma ilianza na mabasi 140, chini ya nusu ya 305 yaliyokadiriwa kwa awamu hiyo pamoja na njia mlishi, zile zinazoleta abiria kwenye shina. Barabara hujengwa mara moja kwa mkopo wa serikali, lakini basi huchakaa kila siku, linadai vipuri vya kuagiza nje na akiba ya mengine yanayosubiri karakana. Mwendeshaji anayeishi kwa nauli pekee hana haraka ya kuongeza basi: lililoshona humlipa vizuri kuliko mawili yenye nafasi. Miji mingi ilitatua mgongano huo kwa kumlipa mwendeshaji kwa kilomita alizokimbia, kumkata anapochelewesha, na kumwachia mtu mwingine kazi ya kukusanya nauli.

Eneo la Jangwani, lililo kwenye shina hilo, pia lina funzo. Karakana ya mabasi iliwekwa hapo, kwenye bonde la Mto Msimbazi, na mafuriko yameifunga barabara mara kadhaa. Pakizibwa hapo, shina limekatika kati ya Magomeni na Kariakoo, na mabasi mazima hayana kazi. Ndiyo sababu daraja jipya la eneo hilo ni sehemu ya huduma ya mabasi, kama ilivyo tiketi.

Awamu nyingine zinaelekea Mbagala, Gongo la Mboto na Barabara ya Bagamoyo. Kila inapofunguliwa, hutangazwa kwa kilomita na mabilioni. Mwananchi aulize mambo mengine matatu: basi litapita kila baada ya dakika ngapi saa kumi na mbili asubuhi, mabasi mangapi yako tayari ya akiba, na nani atakatwa malipo ratiba ikivunjwa. Yakikosa majibu kwenye mkataba, kituo kitafurika hata zege likiwa bora kiasi gani.