Nyumba ya Mabinti: Makazi ya Wanafunzi wa Kike Tabora Yalikotoka

Binti wa Goweko, wilayani Uyui, anayedahiliwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo mjini Tabora hukabiliwa na swali moja kabla ya mengine yote: atalala wapi. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, inapita Goweko, lakini haimwezeshi kuhudhuria vipindi vya asubuhi na kurudi nyumbani kila jioni.

Swali hilo si geni Unyamwezi. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kaze, jirani na Tabora ya leo, pamoja na msafara mwezi Novemba 1857, aliandika kuwa mabinti waliovunja ungo, kwa kawaida kati ya saba na kumi na wawili katika kijiji, walikusanyika wakajijengea nyumba yao mbali na za wazazi. Humo walikaribisha marafiki bila kuingiliwa. Burton aliwatazama wenyeji wengi kwa dharau, na maandishi yake yanahitaji kusomwa kwa tahadhari. Hata hivyo, jambo moja linabaki wazi: nyumba hiyo ilijengwa na mabinti wenyewe, na mlango ulikuwa wao.

Shule za bweni zilibadili utaratibu huo; ufunguo ukahamia kwa mlezi, kengele ikapanga saa. Aliyetaka elimu ya juu alitazama mbali zaidi. Makerere, Uganda, ilipokea wanawake sita wa kwanza mwaka 1945, ikaacha kaulimbiu iliyowahimiza wanafunzi kuwa wanaume. Bweni lake la wanawake, Mary Stuart, linajulikana hadi leo.

Chuo cha Tabora, kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, kina jina la Marko Mihayo, Askofu Mkuu wa Tabora kuanzia 1960 hadi 1985. Kimesogeza shahada karibu. Kitanda ni suala jingine. Katika hosteli za vyuo nchini ipo desturi ya kubebana: aliyepata nafasi humlaza mwenzake aliyekosa. Ni ukarimu, lakini pia ni dalili ya upungufu. Asiye na wa kumbeba hupanga mtaani, na kurudi usiku kutoka maktaba huwa juu yake mwenyewe.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo una fungu la chakula na malazi, ila hutolewa baada ya usajili chuoni. Gharama za siku za kwanza hazina budi kuandaliwa nyumbani, kabla ya safari.