Nilivyopoteza oda ya sare kwa rangi ya barafu, na ninavyofanya sasa

Wengi mmeniuliza hii ya kutia rangi vitambaa kwa barafu nyumbani. Naanza na hasara yangu, ili wewe usiipitie.

Julai iliyopita niliposti mtandio mmoja wa zambarau, ulitoka mzuri balaa. Dada mmoja wa Dodoma akanipigia, anataka 15 kama ule, sare ya kitchen party. Nikamjibu, "Ipo dada, inafanana yote." Akatuma advansi 90,000. Mitandio ikatoka kila mmoja na lake: huu bluu, ule pinki, mingine imepauka kabisa. Nikarudisha hela yote, hasara ya kitambaa na rangi ikabaki kwangu.

Makosa yalikuwa mawili.

La kwanza, barafu hairudii. Unga wa zambarau mara nyingi ni mchanganyiko wa rangi zaidi ya moja. Barafu ikiyeyuka polepole, kila rangi inaachia kwa wakati wake, ndiyo unaona bluu huku, pinki kule. Uzuri wake ndio huo.

La pili, baridi. Niliacha beseni nje usiku, na baridi ya Julai hapa Ipogolo mnaijua. Rangi hizi zinataka joto la nyuzi 21 kwenda juu ndiyo zishike vizuri.

Sasa nafanya hivi:

1. Nachoma uzi wa kitambaa. Pamba inanuka karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Hiyo acha, haishiki.

2. Naloweka kitambaa dakika 20 kwenye maji ya soda eshi, ile ya watengeneza sabuni, vijiko 4 vya chakula kwa lita 1. Nakikamua.

3. Nakikunja juu ya waya kama ule wa kuchomea nyama, beseni chini. Naweka barafu iliyopondwa, kisha nanyunyiza unga juu. Tumia rangi ya pamba ya maji baridi, mfano Procion MX. Zile za batiki zinazotaka kostiki hazifai hapa. Vaa glavu na barakoa, na vyombo hivyo visirudi jikoni.

4. Barafu ikiisha nafunika na nailoni, naingiza ndani penye joto, saa 24.

5. Nasuuza kwa maji baridi, halafu ya moto, mpaka yatoke meupe. Kisha nakisugua na kitambaa cheupe chenye maji. Kikichafuka, hakiuzwi bado, narudia kusuuza.

Kwenye kuuza, kila kipande nakipiga picha yake mchana bila filta, nakipa namba. Mteja anachagua namba, na anapata kile kile alichokiona. Akitaka sare zinazofanana, namwambia ukweli: hizo natia pamoja kwenye beseni moja, rangi ikiwa imeshakorogwa kwenye maji, bila barafu. Na kwenye bei usisahau kuhesabu barafu, maji na siku mbili za kazi yako.

Yule dada wa Dodoma alirudi Septemba. Nikamtumia picha 10, akachagua namba 4 na namba 9. Kesho yake mzigo ukapanda basi.