Breki ya Rili Ikigoma, Mshipi Ndio Unaolipa

Mvuvi wa mshipi wa mkono kando ya mto Malagarasi anayo breki ambayo hakuna kiwanda kilichoipita: vidole vyake. Kambare akivuta kwa nguvu, anaachia, akilegea, anarudisha. Taabu huanza pale kazi hiyo inapokabidhiwa chuma. Rili ninazoletewa kutoka Kibondo na hapa Kasulu, nyingi zikiwa mitumba, huja na maelezo yaleyale: breki imekufa. Nikiifungua, mara nyingi nakuta breki nzima, ila imeganda.

Aliyewahi kuona klachi ya pikipiki ikifunguliwa ameshaielewa breki ya rili. Ni washa zilizopangwa juu ya nyingine, moja ya chuma, moja ya kitu laini, tena chuma, tena laini. Baadhi zimeng'ang'ania mhimili, baadhi zimeng'ang'ania bobini, na juu yake kuna kitasa cha kuzibana. Samaki akivuta kupita kiasi ulichokaza, washa zinateleza na bobini inaachia mshipi. Washa laini huwa ni sufi iliyoshindiliwa, tefloni au kaboni. Rili za zamani zilitumia ngozi. Kabla ya mpangilio huo, wavuvi wa baharini walizuia bobini kwa kubana kipande cha ngozi kwa dole gumba, huku mkono wa rili ukizunguka kinyumenyume kwa kasi ya kuumiza vidole. Mwaka 1913, katika kisiwa cha Catalina huko California, William Boschen alimtoa chuchunge mkubwa wa upanga kwa rili iliyokuwa na breki ya washa ndani yake, na tangu hapo wenye kuvua marlini, kwetu hata wale wa mkondo wa Pemba, hawakurudi nyuma.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Watu huuliza breki inashika kwa nguvu kiasi gani. Swali lenye faida ni jingine: inahitaji nguvu kiasi gani kuanza kuteleza, na kiasi gani kuendelea? Vitu viwili vilivyobanana vikitulia, kuvianzisha ni kugumu kuliko kuviendesha. Katika breki nzuri tofauti hiyo ni ndogo mno. Katika breki mbovu unavuta, haitoi, unaongeza, haitoi, kisha inaachia ghafla kwa mruko, inakamata tena, inaruka tena. Kambare, mwenye mvuto mzito wa taratibu, anaweza kukusamehe. Yule samaki mwenye meno ya nje ambaye wataalamu humwita Hydrocynus vittatus hasamehi. Mbio zake za kwanza ni za ghafla, na mshipi unakatika kabla washa hazijaanza kusogea.

Kipimo ni rahisi. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza nyama, funga ncha ya mshipi kwenye ndoano yake, mwenzako ashike ufito, wewe uvute polepole ukitazama mshale. Ukipanda hadi kilo 3.5 ndipo bobini ianze kuzunguka, kisha ukashuka na kukaa kwenye 2, umeshaujua ugonjwa. Kukaza au kulegeza kitasa hakutauponya. Fungua rili.

Chanzo kikubwa ni kuihifadhi ikiwa imekazwa. Rili inawekwa darini breki ikiwa imebanwa hadi mwisho, miezi inapita, washa za sufi zinalala bapa na kugandana na chuma. Malizia kila safari kwa kulegeza kitasa kabisa. Ni kazi ya sekunde chache, na nashangaa ni wangapi hawaifanyi.

Chanzo cha pili kwetu ni tope. Masika yakikolea, Ruchugi na mito mingine ya milimani hushuka myekundu, na udongo ule ni mlaini kiasi cha kupenya chini ya bobini. Ukikauka katikati ya washa unakuwa msasa. Anayevua upande wa mabwawa ya Muyovozi, kwenye ardhioevu iliyoingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Ramsar ikiwa ya kwanza kwa Tanzania, atakutana na matope ya aina nyingine, meusi yenye majani yaliyooza, ila matokeo ni yaleyale. Unapoosha rili, kaza breki kwanza ili maji yasiingie ndani, mwagia maji ya taratibu bila kutumia mpira wenye presha, futa, kisha legeza.

Ukishaifungua, panga washa kwenye kitambaa kwa mfuatano uleule zilivyotoka, au zipige picha kwa simu. Washa moja ikigeuzwa nafasi, nyuso zinazosuguana zinapungua na breki inakuwa dhaifu hata ukikaza hadi mwisho. Za chuma futa hadi zing'ae. Zenye mikwaruzo lainisha kwa msasa mwembamba juu ya kioo. Za sufi zinahitaji grisi, kwani zikikauka hukamata. Za kaboni hufanya kazi kavu, au kwa utando mwembamba wa grisi ambao umeshaufuta hadi ukabaki mng'ao tu. Grisi ya beringi za gari naikataa: hulainika washa zinapopata joto, na breki huanza kuserereka wakati samaki ndiyo kwanza amekolea. Ukikosa washa za dukani, fundi viatu anaweza kukata za ngozi. Ziwe na unene sawa pande zote na zilowekwe mafuta usiku kucha.

Kiasi cha kukaza ni robo hadi theluthi ya uwezo wa mshipi. Mshipi wa kilo 8 unataka breki ya kilo 2 hadi 2.7, ikipimwa kwa mizani ileile. Vijana huona ni kidogo. "Fundi, kaza zaidi, kule Malagarasi samaki ni wakubwa." Mdogo wangu, uwezo unaobaki umeshagawanywa. Fundo linapunguza uwezo wa mshipi, ufito uliopinda unaongeza msuguano kwenye pete, na maji yenyewe yanauvuta mshipi uliolala mtoni.

Kuna na bobini. Ikiwa imejaa, mshipi unatoka, tuseme, sentimita 3 kutoka katikati, na umekaza kilo 2. Samaki akikimbia hadi mshipi ubaki sentimita 2 kutoka katikati, breki ileile, bila kuguswa, inadai kilo 3. Wengi hufanya kinyume hapo: wakiona bobini inakwisha, wanakaza kwa hofu. Legeza kidogo, kisha zuia kwa kiganja pembeni mwa bobini inapobidi.

Kabla ya kuilaumu breki, hakikisha ni yenyewe. Weka alama ya kalamu kwenye mshipi uliokunjwa na nyingine kwenye ukingo wa bobini, zikitazamana, kisha vuta. Alama ya mshipi ikihama na ya bobini ikabaki, washa hazina kosa. Ni mshipi wa kusuka unaoteleza juu ya bobini nyororo. Anza kwa kukunja mita chache za nailoni, kisha funga wa kusuka juu yake. Na kama samaki akivuta unaona mkono wa rili unazunguka kinyume, bado breki haihusiki. Kilichochoka ni beringi ya upande mmoja, ile inayozuia mkono kurudi nyuma. Mara nyingi imejaa grisi ambayo mtu aliipaka kwa nia njema. Ioshe kwa petroli, ikaushe, weka tone moja la mafuta ya cherehani, rudisha.